Tusikilize Barazani, Tusichungulie Dirishani

Ndugu msomaji, tunaianza makala hii kwa kukiri kosa, kwa kuwa tumeona si uungwana kuwausia wenzetu jambo ambalo sisi wenyewe tulilifahamu baada ya kulikosea.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, wakati wa mvua, ulienea uvumi hapa Hombolo kwamba fedha zilizochangwa kwa ajili ya kisima cha madrasa yetu zimeliwa. Uvumi huo ulipita katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, ukavuka kutoka Hombolo Bwawani hadi Hombolo Makulu, na haukuchukua siku nyingi ukawafikia jamaa zetu walioko Dodoma mjini, ambao baadhi yao walikuwa miongoni mwa wachangiaji. Kamati ilikasirika, na sisi tulikasirika zaidi, maana sisi ndio tuliokabidhiwa daftari la michango. Badala ya kulifungua daftari, tukaanza kumtafuta msemaji.

Shaka yetu ikamwangukia kijana mmoja katika wanafunzi wetu wakubwa, hodari wa simu na mwepesi wa maneno. Siku moja aliiacha simu yake ofisini ikiingia chaji. Namba yake ya siri tulikuwa tunaijua, kwa kuwa mara nyingi aliifungua mbele yetu bila kuficha. Tukaifungua, tukaiunganisha WhatsApp yake na kompyuta ya ofisi, jambo ambalo programu hiyo imemruhusu mwenye simu alifanye kwa hiari yake, kisha tukairudisha simu mahali pake. Haikutugharimu hata shilingi moja. Usiku wa siku mbili mfululizo tukasoma mazungumzo yake.

Habari za kisima hatukuzikuta. Tulichokikuta ni kijana anayemwandikia dada yake juu ya ugonjwa wa mama yao. Anayefikiri kuacha masomo akatafute kibarua katika mashamba ya mizabibu kwa kuwa nauli imemshinda. Na anayeona haya kumweleza mwalimu wake. Siku ya tatu akaiona kompyuta yetu katika orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti yake. Alikuja ofisini, akatusalimu kwa heshima ileile ya siku zote, akasema: "Ustadhi, ungeniuliza tu." Hakurudi tena darasani.

Wiki moja baadaye mzazi mmoja akatuonyesha chanzo cha uvumi wote. Ulikuwa ni ukurasa wa Facebook ulio wazi kwa kila mtu, ambako mchangiaji mmoja aliuliza kwa adabu kabisa kisima kimefikia wapi na hesabu itasomwa lini. Swali lile lilikaa karibu mwezi mzima bila jibu. Waliofuata wakalijibu kwa dhana, na dhana ikageuka kuwa habari. Kumbe tulichokuwa tukikitafuta ndani ya simu ya mtoto wa watu kilikuwa kimetundikwa barazani, nasi tungekipata kwa kuandika maneno mawili tu, "kisima" na "Hombolo", katika sehemu ya kutafutia.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: je, kufuatilia yanayosemwa mitandaoni ni halali au ni haramu? Na hizi zana za bure zinazotuwezesha kufanya hivyo, tuzichukue au tuziache?

Kuhakikisha na kupeleleza

Surat al-Hujurat imeyabeba mambo yote mawili. Katika aya ya 6 tumeamrishwa kuihakikisha habari anayotuletea mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Katika aya ya 12 ya sura hiyohiyo tumekatazwa dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana. Basi anayesema kwamba muumini hana haja ya kujua wanayoyasema watu ameisahau aya ya 6. Na anayesema kwamba kila njia inafaa mradi ukweli ujulikane ameisahau aya ya 12. Aya hizo hazigongani. Ya kwanza inatufundisha kuipima habari iliyokwisha kutufikia, na ya pili inatuzuia kuvunja ukuta ili kuitafuta.

Wanazuoni wetu waliuchora mpaka huo zamani. Imamu al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), katika kitabu chake al-Ahkam as-Sultaniyya amezungumzia kazi ya muhtasib, yaani afisa aliyekuwa akisimamia masoko na mwenendo wa watu hadharani. Anaeleza kwamba muhtasib hashughuliki isipokuwa na lililodhihiri. Lililositirika hana ruhusa ya kulipekua. Amelitoa katika hukumu hiyo jambo moja: pale anapopewa habari na mtu mkweli kwamba kuna madhara yasiyoweza kurudishwa yanayokaribia kutendeka, mfano mtu amempeleka mwenzake faraghani ili amuue. Hapo kusubiri ni kuangamiza. Yasiyofikia kiwango hicho, mlango hubaki umefungwa.

Ni mashuhuri pia simulizi aliyoitaja Imamu al-Ghazali katika Ihya, ya Sayyidna Umar (r.a.) aliyepanda ukuta wa nyumba akamkuta mwenyewe katika maasi. Mtu yule alimjibu Khalifa kwamba ikiwa yeye amekosea moja, basi Khalifa amekosea matatu: amepeleleza, ameingia kwa kupitia ukutani badala ya mlangoni, na ameingia bila kutaka idhini wala kutoa salamu. Umar akamwacha. Hebu tuzingatie, ndugu msomaji: aliyepanda ukuta alikuwa kiongozi wa dola nzima, na alichokishuku kilikuwa kweli. Pamoja na hayo, ukweli wa alichokikuta haukuihalalisha njia aliyoipitia. Sisi wenye kisima kimoja tulipata wapi ruhusa?

Zana zenyewe ni zipi

Hapana shaka kwamba wengi wakisikia habari za "kufuatilia mazungumzo" hufikiria mitambo ya gharama kubwa. La hasha. Zipo njia nyepesi ambazo mwenye simu ya kawaida anaweza kuzitumia. Google Alerts, iliyopo tangu mwaka 2003, humwezesha mtu kuandika neno au jina, na kila linapotokea katika kurasa za wazi hupelekewa taarifa kwa barua pepe. Google Trends huonyesha ni mambo gani yanayotafutwa zaidi na watu, katika nchi gani na kwa wakati gani. Facebook, X na Telegram zina sehemu zao za kutafutia yaliyoandikwa hadharani. Zana hizo zote hazisomi barua za watu, zinasikiliza baraza. Anayeandika katika ukurasa wa wazi amesema mbele ya umma, na umma una haki ya kumsikia na kumjibu.

Ama WhatsApp, hiyo ni chumba. Tangu mwaka 2016 ujumbe wake husafiri ukiwa umefungwa kwa namna ambayo mwandishi na mwandikiwa tu ndio wanaoweza kuusoma. Kwa hiyo anayetangaza zana ya bure ya kusoma WhatsApp ya mtu mwingine ni mmoja wa wawili: ama ni tapeli anayewinda taarifa za huyo anayeitaka zana, ama anafundisha hila kama ileile tuliyoitenda sisi, ya kushika simu ya mtu wakati mwenyewe hayupo. Wala asidhani mtu kwamba mlango ulio wazi unaihalalisha nyumba. Sisi simu tuliikuta mezani na namba ya siri tulikuwa nayo. Kilichokosekana ni idhini.

Aidha, mwenye kuzitumia zana hizi ajue kwamba hazikijui Kiswahili sawasawa. Nyingi hulitafuta neno kama lilivyoandikwa, ilhali neno letu hubadilika kichwa na mkia. Mtu akitafuta "kula fedha" huenda asiyaone "zimeliwa", "wamezila" na "mmetulia hela zetu", ambayo ndiyo maneno ya watu wenye hasira. Akitafuta "mzabibu" anaweza kuikosa "mizabibu" na "zabibu". Tena tuongeze vifupisho vya vijana, na Kigogo kinachochanganywa na Kiswahili katika maongezi ya hapa kwetu. Kwa hiyo mashine hukusanya, lakini kufahamu ni kazi ya mtu anayeijua lugha na kuwajua wasemaji wake.

Funzo kutoka Kenya

Majirani zetu wa Kenya walilijaribu jambo hili mapema, tena kwa sababu nzito. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na machafuko yaliyofuata, vijana wa huko walianzisha Januari 2008 mfumo walioupa jina la Kiswahili, Ushahidi. Wananchi walituma taarifa za matukio kwa simu na intaneti, nazo zikawekwa katika ramani. Programu hiyo ikaachwa huru, yeyote aitumie bila malipo.

Mwaka 2012, ulipokaribia uchaguzi wa Machi 2013, ukaanzishwa mradi wa Umati, chini ya iHub Research na Ushahidi. Wasomaji waliojua lugha walipitia kila siku kurasa za wazi za Facebook, Twitter, blogu na sehemu za maoni, kwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha za makabila kama Kikuyu, Kiluo na Kikalenjin, pamoja na Kisomali. Hawakuhesabu kila tusi kuwa ni hatari. Waliyagawa maneno katika ngazi tatu, kuanzia yale ya kuudhi tu hadi yale yenye kuchochea watu wadhuriane, wakitazama nani amesema, mbele ya nani, na katika hali gani.

Katika matokeo yao limo jambo linalotuhusu sana. Sehemu kubwa ya maneno ya chuki waliyoyakusanya ilitoka Facebook, na kidogo tu ilitoka Twitter. Moja ya maelezo waliyoyatoa ni kwamba huko Twitter mazungumzo yalikuwa wazi zaidi, na watumiaji wenyewe walikuwa wakimkemea anayevuka mpaka mpaka anyamaze au aufute ujumbe wake. Yaani kilichosaidia si jicho la siri bali ni ulimi wa hadharani wa watu wema. Anayejua kwamba jirani zake wanamsikia na watamkosoa huchunga maneno yake, ama anayejua kwamba anapelelezwa hujifunza kujificha tu. Na imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Muawiya (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitahadharisha kuwa mtu akizifuatilia aibu za watu huwaharibu.

Lakini Kenya hiyohiyo inatuonyesha upande wa pili. Mwezi Machi 2018 ulimwengu ulifahamu kwamba kampuni ya Uingereza iitwayo Cambridge Analytica ilitumia taarifa za watumiaji wa Facebook wanaokadiriwa kufikia milioni 87. Zilipatikana kupitia programu ya maswali ya kupima tabia iliyowekwa na watu wapatao 270,000 tu. Zilizobaki zilikuwa taarifa za marafiki zao ambao hawakuulizwa lolote. Wakuu wa kampuni hiyo walirekodiwa wakijigamba kwamba walifanya kazi katika kampeni za Kenya za 2013 na 2017. Maswali yale yalionekana kama mchezo tu. Hivyo ndivyo cha bure kinavyolipiwa pengine: mtu akijibu kwa ajili yake mwenyewe, kumbe amewafungulia wageni milango ya rafiki zake.

Cha bure kina mwenyewe

Tusisahau pia kwamba chombo cha kuazima hurudi kwa mwenyewe. TweetDeck, iliyowasaidia waandishi wa habari kwa miaka mingi kufuatilia mazungumzo mengi kwa pamoja, ilikuwa bure hadi mwaka 2023, kisha ikawa ya kulipiwa. CrowdTangle, iliyokuwa ikionyesha ni habari zipi zinazosambaa kwa kasi katika kurasa za wazi za Facebook, ilifungwa na kampuni yake, Meta, tarehe 14 Agosti 2024. Nchini kwetu mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025, na katika Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 intaneti yenyewe ilikatwa kwa siku kadhaa, wakati ambao watu walihitaji kuliko wakati wowote kuipambanua habari ya kweli na ya uongo. Mwenye bomba akifunga koki, mwenye ndoo hana la kufanya. Kwa hiyo zana hizi zitumike, ila imani ya watu isijengwe juu yake.

Ama upande wa sheria, Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu na kunasa mawasiliano bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziwekea mipaka taasisi zote zinazokusanya taarifa za watu. Madrasa, misikiti na kamati za visima zijue kwamba nazo zina wajibu huo. Hivyo tulilolitenda ofisini lilikuwa dhambi mbele ya Mwenyezi Mungu, na pia lilikuwa jambo la kutufikisha mahakamani.

Na mizani hii isiwe ya wanyonge peke yao. Mwezi Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waasisi wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa mahakamani, na miongoni mwa mashtaka ni kule kutotoa taarifa za watumiaji wa mtandao wake walizozitaka polisi. Kesi hizo zilichukua miaka. Kila mmoja ana rai yake juu ya watu wanaoandika kwa majina ya kuficha, na sisi tunakiri kwamba wapo wanaojificha ili kutukana. Hata hivyo, yupo pia anayeficha jina kwa kuwa amemwona mkubwa wake akila mali ya umma. Neno lake limedhihiri, basi na lijibiwe neno. Jina lake limesitirika, na anayetaka kulifunua aonyeshe madhara ya kiwango kile alichokitaja al-Mawardi.

Tunalosema kwa walezi na viongozi

Watauliza wazazi: na watoto wetu je, tuwaache wapotee na simu? Hapana. Mtoto mdogo yuko katika ulezi, na simu aliyonayo ni amana ya mzazi. Lakini ulezi hufanywa mchana. Mwambie mtoto kwamba utaitazama simu yake, itazame akiwa amekaa pembeni yako, na kila anapokua mpunguzie ukaguzi na mwongezee mazungumzo. Mtoto anayejua mpaka uko wapi hulelewa. Anayegundua kwamba baba yake alikuwa akimsoma kwa siri humpoteza baba, na simu atatafuta nyingine.

Kwa viongozi wetu wa vijiji, mitaa na kata, tunaongea nao kama majirani. Hapa Hombolo kipo Chuo cha Serikali za Mitaa, ambako watendaji kutoka pande zote za nchi huja kujifunza namna ya kuwatumikia watu. Ingekuwa jambo la kheri kama kila mtendaji angetenga nusu saa kwa siku kutafuta jina la kata yake katika kurasa za wazi, si kwa ajili ya kujua nani amelalamika, bali kujua watu wanalalamikia nini: maji, ushuru, mbegu, zahanati. Kisha ajibu mahali palepale palipoulizwa, kwa lugha ileile, na kwa hesabu. Akiona jina la mlalamikaji, alisome kama anavyosoma sahihi chini ya barua, asilinakili katika orodha.

Sisi kwa upande wetu tumejiwekea masharti manne. Tutasikiliza yaliyo wazi tu. Tutafuatilia jambo, hatutamfuatilia mtu. Tukikuta swali tutalijibu kabla ya kumuuliza yeyote kwa nini ameuliza. Na tukikuta aibu ya mtu kwa bahati mbaya, tutaisitiri na kumwendea mwenyewe.

Hesabu ya kisima sasa imebandikwa katika mlango wa msikiti, ikiwa na stakabadhi zake, na nakala yake iko chini ya lile swali la Facebook. Uvumi ulikwisha kwa siku mbili bila ya kumkamata mtu yeyote. Aliyeuliza alitushukuru, akaongeza mchango.

Ama yule kijana, tulikwenda nyumbani kwao kumtaka radhi, tukapiga hodi na kungoja mlangoni. Alitusamehe kwa ulimi wake, na mama yake alitupa maji ya kunywa. Lakini darasani hajarudi, na nafasi aliyokuwa akikaa, karibu na dirisha, tunaiona kila siku tunapofundisha.

Wabillahi tawfiq.